Jirani Mkuu wa Nadhari

Aliyekwenda Nadhari ni Nyamizi. Mimi nilibaki nyumbani nakula viazi. Kwa hiyo ukikuta humu jambo la uongo, kamdai yeye, na ukikuta limenoga, nishukuru mimi. Ila nikwambie mapema, Nyamizi si mtu wa kutia chumvi. Ni mwalimu wa chuo, anafundisha namna mataifa yanavyokaa pamoja na yanavyokorofishana, na akisimulia utadhani anasoma kumbukumbu za mkutano. Niliyecheka ni mimi. Yeye hakucheka hata mara moja.

Alikwenda kwa sababu sifa za nchi ile zilikuwa zimemfikia. Ilisemwa hakuna taifa linaloijua kesho kama Nadhari. Watu wa kwingine wakiamka huuliza usiku kumetokea nini. Wanadhari wakiamka huuliza mwaka kesho kutatokea nini, na wanayo wizara ya kuwajibu. Nyamizi naye somo lake ndilo hilo, kukaa chini na kuchora njia mbalimbali ambazo mambo ya dunia yanaweza kufuata, ili yakija yasimkute mtu amekodoa macho. Akaona bora akajifunze kwa wenyewe.

Mji wa kwanza alioufikia unaitwa Bondeni. Uko kando ya Mto Kiunga, na ukivuka mto umeingia nchi nyingine, ambayo Wanadhari wanaiita Ng'ambo na basi. Pale Bondeni alikula kwa mama mmoja jina lake Mwamvita, mjane wa makamo, muuza mihogo ya kuchemsha na kachumbari, mwenye mdomo usiopumzika. Mama huyu akamuuliza mgeni safari ya wapi. Aliposikia ni mji mkuu, kwenye Baraza la Kesho, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Utamwona Jirani Mkuu huko," alisema. "Ukimwona usimpe salamu zangu. Hairuhusiwi."

"Kwa nini hairuhusiwi?"

"Kwa sababu ni mdogo wangu. Tumbo moja, ziwa moja. Walipomchukua kumpa cheo wakaniambia kuanzia leo huyu ni mtu wa Ng'ambo, ukitaka kusema naye leta mkalimani. Mama amekufa, hakuja. Mume wangu amekufa, hakuja. Kula, mwanangu, mihogo inapoa."

Nyamizi hakuelewa. Akadhani ni ugomvi wa ndugu, na ugomvi wa ndugu, kama mjuavyo, haulizwi na mpita njia. Akala, akashukuru, akaenda zake.

Ukumbi wa Baraza la Kesho ni mkubwa, wa mraba, na sakafuni zimelazwa fimbo mbili ndefu zilizokatana katikati. Fimbo ya kwanza ni mvua: ncha ya huku mvua nyingi, ncha ya kule ukame. Ya pili ni moyo wa jirani: huku mpole, kule mkali. Zikikatana zinagawa ukumbi pembe nne, na kila pembe ni kesho moja. Mvua nyingi na jirani mpole, hiyo ni Kesho ya Udugu. Ukame na jirani mpole, Kesho ya Ombaomba, maana mtu mpole mwenye njaa lazima aje kuomba. Mvua nyingi na jirani mkali, Kesho ya Majivuno. Ukame na jirani mkali, hapo ni Vita, haina mjadala.

Kila mjumbe ana pembe yake, na haruhusiwi kuhama mpaka afe. Wajumbe wa Udugu wamejifunza nyimbo za harusi za Ng'ambo, au wanazodhani ni za Ng'ambo, na huziimba kabla ya kikao. Wa Vita huja na mifuko ya mchanga na huikalia badala ya viti. Wa Ombaomba wana ghala la nguo kuukuu kwa ajili ya kuwagawia waombaji watakaokuja, nao huwasema vibaya waombaji hao kana kwamba wameshafika. Sheria mama ya nchi imechongwa juu ya mlango: Lisilo na pembe halijatokea.

Mwenyekiti wa Baraza, Mheshimiwa Kitwana, alimtembeza mgeni mwenyewe. Alikuwa mtu mrefu, mstaarabu, mwenye sauti ya chini ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa. Akamwonyesha kila pembe, kisha akamwonyesha mlango mdogo nyuma ya ukumbi.

"Sisi si wapumbavu, Mwalimu," alisema. "Tunajua yapo mambo yasiyoingia katika pembe nne. Ndiyo maana tuna Ofisi ya Yasiyotarajiwa."

Ndani ya ofisi hiyo alikaa bwana mmoja mnene na ratiba ukutani. Akaeleza kwamba lisilotarajiwa la mwaka jana lilikuwa kimbunga, na la mwaka huu ni nzige, watakaokuja baada ya mavuno. Nyamizi akamuuliza, je, likija jambo jingine? Bwana yule akamtazama kwa huruma, akasema litakuwa halikutarajiwa kwa njia iliyo sahihi.

"Na jirani mwenyewe," Nyamizi alimuuliza Mwenyekiti walipotoka, "yeye anasemaje kuhusu hizi kesho zenu?"

"Hatumuulizi."

"Kwetu tunasema kuuliza si ujinga, Mheshimiwa."

"Kwenu. Kwetu ni kosa la jinai, na sababu yake ni ya kitaalamu kabisa. Ukimuuliza jirani atafanya nini, atakujibu. Akishakujibu anaweza kubadili nia. Lakini ulilolifikiri mwenyewe halibadiliki." Akatabasamu. "Isitoshe, jirani tunaye hapa hapa. Wa kwetu. Anaaminika zaidi."

Hapo ndipo Nyamizi alipoelewa maneno ya mama wa mihogo wa Bondeni.

Nyuma ya ukumbi kuna nyumba iliyozungushiwa ua, na juu yake bendera ya Ng'ambo. Kisheria, ukipita lango la ua umetoka Nadhari. Humo anakaa Jirani Mkuu. Zamani alikuwa kijana wa Bondeni jina lake Chande, fundi wa kushona viatu, aliyechaguliwa kwa sababu ya wepesi wake wa kukasirika. Kazi yake ni kuwa Ng'ambo. Baraza likitaka kujua Ng'ambo watafanya nini, humwita, naye hufanya. Akikunja uso, askari wanapelekwa mtoni. Akicheka, wanarudishwa. Mikataba mitatu ya amani imewekwa saini na yeye, na nchi inajivunia kwamba hajavunja hata mmoja. Chakula chake ni nyama ya mbuzi ya moshi isiyotiwa chumvi, kwa sababu iliamuliwa kwamba Ng'ambo hawajui chumvi. Mto wenyewe hajawahi kuuvuka.

Nyamizi alipelekwa kumsalimia. Akamkuta mzee kijana, nywele zimeanza mvi, amekaa kwenye kigoda na kanzu nzito ya ngozi. Mara tu alipoingia yule bwana akampigia meza ngumi, akatema mate pembeni, akauliza kwa ukali anatafuta nini katika ardhi yake. Mkalimani aliyesimama katikati akayarudia maneno yale yale, kwa Kiswahili kile kile, kwa sauti ya upole kidogo. Mazungumzo yakaenda hivyo. Nyamizi anasema, baada ya muda mfupi alianza kweli kuiogopa Ng'ambo, nchi ambayo hakuwa na ugomvi nayo wowote.

Kisha mkalimani akatoka kwenda kuswali. Mlango ulipofungwa, mabega ya Jirani Mkuu yakashuka.

"Samahani kwa mate," alisema. "Umepitia Bondeni?"

"Nimepita."

"Yule mama wa mihogo mlangoni mwa soko. Yupo? Mzima?"

"Mzima. Analalamika."

"Basi ni mzima kweli." Akajikuna shingoni chini ya ile kanzu. "Nyumba yake iko ile ile, chini pale karibu na maji? Nilimwambia siku nyingi ahame. Hasikii la mtu. Sina mwingine, Mwalimu. Amebaki yeye tu." Mkalimani akarudi, na Jirani Mkuu akaipiga tena meza.

Siku chache baadaye Ng'ambo yenyewe ikaja.

Ilikuja kwa umbo la mtu mmoja, Bwana Lugome, mhandisi wa bwawa, mfupi, mpole, suruali imelowa mpaka magotini kwa sababu daraja la kamba lilikuwa limeanza kuguswa na mto. Alisimama mlangoni mwa ukumbi akabisha hodi. Watu walisahau kumkaribisha, kwa kuwa haikuwahi kutokea. Mwisho akaingia mwenyewe, akaamkia, akasema alilotumwa.

"Juu kule tuna bwawa, waheshimiwa. Ukuta umeingia ufa. Tukiyaacha maji yaliyomo, utapasuka wenyewe, na hapo hapatakuwa na Bondeni wala vijiji vyetu. Kwa hiyo tutayapunguza. Tutafungua malango kabla mwezi haujaandama, na tutayafungua tena baadaye kidogo, maana mara moja haitatosha. Maji ya mara zote mbili yatapita Bondeni. Tafadhali waondoeni watu wapande kilimani mpaka yaishe. Ni hilo tu."

Akasubiri. Baraza likamtazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Kisha Mwenyekiti akatangaza kwamba jambo lipokewe, na lipewe pembe.

Nyamizi alikuwa amekaa kiti cha wageni, na mjadala ule ameuhifadhi wote. Wa Udugu walisema habari ile haiwezi kuwa yao, maana ndugu wa kweli angeuziba ufa, asingekuja kumtisha ndugu yake na maji. Wa Ombaomba walisema mambo yako wazi: usipoziba ufa utajenga ukuta, nao wameshindwa kuziba, sasa wanataka Nadhari iwajengee. Wakapendekeza wapewe nguo kuukuu. Lugome akasema hakuomba kitu. Akaambiwa anyamaze, waombaji wote huanza hivyo. Wa Majivuno wakasema bwawa halipo, limetajwa kwa kujionyesha. Wa Vita wakasema hii ni hila ya kuhamisha watu ili waingie wao. Lakini hata wao walikwama, kwani vita yao ilikuwa imepangwa kuja wakati wa ukame, na hapa mtu anazungumzia maji mengi. Likapelekwa kwa yule bwana wa Yasiyotarajiwa. Akasimama, akaitazama ratiba yake, akasema kwa masikitiko kwamba mwaka huu ni nzige.

"Kuna swali la awali," alisema Mwenyekiti. "Je, mtu huyu ni Ng'ambo?"

Lugome akasema amezaliwa huko. Wakamwomba akasirike. Akauliza akasirike kwa lipi. Wakamwambia apige meza. Akaigonga kidogo, na kikombe kilipotikisika akakishika kisimwagike. Ukumbi ukaguna.

"Nimefanya kazi na Ng'ambo maisha yangu yote," alisema mjumbe mmoja mkongwe wa Vita, akijiinua kutoka kwenye mfuko wake wa mchanga. "Ng'ambo hasemi tafadhali. Huyu hata hajajaribu." Ikaamuliwa kwamba mgeni haaminiki, apewe mahali pa kulala kwa sababu ya ubinadamu, na kesho yake aitwe Jirani Mkuu aulizwe kama ametuma mjumbe yeyote.

Nyamizi anasema huko kwao chuoni aliwahi kufundisha kwamba anayechambua mambo ya mataifa asiingilie anachokichambua. Sasa alitoka ukumbini mbio. Aliona mihogo, aliona kanga, aliona nyumba chini pale karibu na maji. Akaenda moja kwa moja kwenye ua wenye bendera, na kwa bahati mkalimani alikuwa amebaki ukumbini kusikiliza maamuzi. Akamweleza Chande yote.

Chande alisikiliza mpaka mwisho. "Wewe unamwamini huyo bwana?"

"Namwamini. Mwongo huomba kitu. Huyu hakuomba chochote, na bado amelowa."

"Basi nitawaambia kesho. Nitawaambia ni kweli."

"Watakusikiliza?"

Akafikiri. Alikuwa si mjinga. Hasira si ujinga. "Nikisema kwa upole, wataona nimeacha kuwa Ng'ambo. Jirani akiacha kuwa Ng'ambo anabaki Chande, na Chande ni mshona viatu. Hana kiti mle. Na nikisema nimemtuma yule bwana kuomba watu waondoke, watauliza tangu lini mimi naomba." Akaiweka sawa kanzu yake ya ngozi. "Inabidi niwape Ng'ambo wanayoijua."

"Ukiwatisha watakushtaki. Si umeweka saini ya amani?"

"Watanishtaki, ndiyo. Lakini Dada atakuwa kilimani ananisema."

Kesho yake aliingia ukumbini bila kuitwa, akaurukia ule msalaba wa fimbo akazipiga teke zote mbili. Watu waliokuwa pale wanasema hawajawahi kumwona vile. Alisema mwezi hautaandama kabla hajafungua malango ya bwawa lake. Alisema Bondeni ataifanya ziwa, na samaki watataga katika vitanda vyao, na hataridhika na mara moja, ataimwagia tena. Alisema hata akiombwa msamaha hatasikia. Kisha akatema mate karibu na viatu vya Mwenyekiti, akatoka, na mlango ukabaki unacheza. Mkalimani alianza kuyarudia kwa upole, akaambiwa haina haja.

Ukumbi ukafufuka. Hiyo sasa ndiyo Ng'ambo. Wa Vita walikumbatiana. Wa Majivuno wakadai pembe ni yao, kwa kuwa mvua ni nyingi na jirani ni mkali, ikabidi wagawane: vitisho vikaandikwa kwa Majivuno, maji yakaandikwa kwa Vita. Kabla ya jioni amri ilikuwa imetoka. Watu wa Bondeni wapandishwe kilimani, na asiruhusiwe mtu kurudi mpaka Jirani Mkuu atimize au afute vitisho vyake vyote viwili. Lugome alisimama akasema ndivyo hasa alivyokuja kuwaambia. Mjumbe wa kando yake akamwambia asidandie hoja za wakubwa.

Watu wakapanda. Na siyo kwa kupenda. Mwamvita alibebwa na askari wawili pamoja na sufuria yake, akiwatukania mababu. Na maji yakaja, usiku wa kuamkia mwezi kuandama. Nyamizi aliyaona asubuhi kutoka kilimani: mahali pa soko palikuwa na maji mekundu yanayozunguka polepole, na paa moja moja. Kuku walikufa wengi. Watu, hakufa hata mmoja. Nyumba ya Mwamvita haikuonekana ilikokuwa.

Unadhani walijifunza? Barazani kulipigwa ngoma. Mwenyekiti Kitwana alitoa hotuba ndefu kuhusu uwezo wa Nadhari kuona mbele, na bwana wa Yasiyotarajiwa akapongezwa kwa kutoingilia. Baada ya ngoma ikasomwa kesi. Jirani Mkuu alikuwa amevunja mikataba mitatu na kuzamisha mji wa nchi jirani. Alisema atafungua, yakafunguka. Ushahidi gani mwingine unatakiwa? Lugome aliomba kusema kwamba waliofungua ni wenzake aliowaacha bwawani, kwa mikono yao, kwa gurudumu la chuma ambalo angeweza kuwaonyesha. Akaambiwa kesi hii haimhusu, ni ya Nadhari na Ng'ambo.

Nyamizi akapata ruhusa ya kumwona mshitakiwa. Akamwambia kwa hasira, na yeye si mwepesi wa hasira, "Sema jina lako. Sema mimi ni Chande wa Bondeni, mshona viatu, sijawahi kuliona hilo bwawa. Wote wanajua. Watakuachia."

"Wataniachia," alijibu Chande. "Na nikiwa Chande, vitisho havikuwa vitisho. Amri ya kuwapandisha watu kilimani itakuwa batili, na keshokutwa watu watashuka kutafuta masufuria yao. Huyo bwana alisema maji yatakuja mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Basi."

Hukumu ilichelewa kidogo kwa sababu za kiufundi. Wa Vita walitaka Ng'ambo ishambuliwe, yaani ile nyumba yenye bendera, lakini ua wake umepakana na nyumba ya Mwenyekiti, na moshi ungeingia jikoni kwake. Wakakubaliana juu ya adhabu ya pili katika sheria: afukuzwe nchini, arudishwe kwao. Kwao wapi, hakuna aliyeuliza. Maji ya mara ya pili yakaja, yakaikuta Bondeni haina mtu, yakapita. Siku iliyofuata wakampeleka mtoni.

Maji yalikuwa yamepungua, na daraja la kamba limening'inia matope yakikauka juu yake. Kulikuwa na watu wa Baraza, askari, na watu wengi wa Bondeni walioshuka kumzomea adui aliyewaharibia mji. Walimzomea sawasawa; kuna aliyemrushia kandambili. Lugome naye alikuwa pale, anarudi kwao, amebeba kifurushi cha nguo kuukuu alizopewa na wa Ombaomba, kwa kuwa hakutaka kuwaudhi.

Mwamvita akapenya katikati ya watu na kanga moja kiunoni na moja mgongoni, imefungwa vitu. Mkalimani akasogea, kama sheria inavyotaka. Mama yule akamsukuma pembeni kwa kiwiko, akamsimamia mdogo wake usoni.

"Mama alikuita siku tatu kabla hajafa," alisema. "Alikuita kwa jina. Mimi nikamwambia yuko safarini."

"Najua, Dada."

"Hujui. Ungejua ungekuja. Nimekuchukia, Chande, nisikufiche, nimekuchukia miaka yote hii." Akamnyoshea Nyamizi kidole. "Mwalimu huyu amenieleza ulilolifanya."

Mheshimiwa Kitwana akamkumbusha kwa upole kwamba anazungumza na taifa la kigeni. Mwamvita akageuka.

"Mheshimiwa, habari ya maji ililetwa kwenu na mtu, mkamwambia apige meza. Nyumba yangu iko chini ya mto. Taifa hili ndilo lililonitoa mle kabla sijafa, na ndilo mnalolifukuza. Nibaki na nani? Nibaki na pembe?" Akaikaza kanga ya mgongoni. "Nakwenda."

"Wewe hukufukuzwa," alisema Mwenyekiti.

"Sikukuuliza."

Wakapanda darajani watatu, Lugome mbele, Mwamvita katikati, Chande nyuma na ile kanzu yake ya ngozi. Nyamizi aliwasindikiza mpaka kamba zinapoanzia, karibu kiasi cha kusikia. Waliosimama ukingoni waliendelea kuzomea kidogo, halafu wakachoka, kwa sababu mtu anayekupa mgongo hazomeki vizuri.

Katikati ya daraja Chande akasimama. Alikuwa ameivua kanzu ameishika mkononi, na Nyamizi anasema bila kanzu alikuwa mtu mwembamba tu, mwenye shati la kushonwa upya kwenye kola. Alikuwa anaitazama ng'ambo, miti yake, na moshi wa jiko la mtu fulani. Miaka yote aliyokuwa Ng'ambo, wala hakujua wanakuamkia vipi asubuhi.

"Bwana Lugome," aliita. "Hawa watu wa kwenu wakoje?"

Lugome akageuka. Tangu aingie Nadhari alikuwa ameambiwa mengi, lakini hakukuwa na mtu aliyemuuliza neno hilo. Akafikiri, ameshika kamba kwa mkono mmoja na kifurushi cha nguo kwa mwingine.

"Wanawaogopa ninyi," alisema.